Huyu Alizaliwa Humo

Hapa Tabora, Sayuni, mji wa Mungu katika Biblia, tunaitaja zaidi misibani. Jeneza likiwa mbele, kwaya inaimba habari za mji ule mzuri, na sisi tuliobaki tunafuta machozi tukijua ndugu yetu ametangulia. Sina ugomvi na tumaini hilo. Nimemzika mama yangu nikiwa nimelishika kwa mikono miwili. Lakini miaka niliyofundisha shule ya msingi kule Ulyankulu ilinionyesha kwamba Sayuni ya Biblia haitungojei ng'ambo ya kaburi peke yake. Imekwisha kuanza, ina watu, ina majina yaliyoandikwa, na inamdai kila aliyeandikwa humo kazi ya kufanya. Niliyajifunza haya kwa watu ambao wengi wetu huku mjini tuliendelea kuwaita wakimbizi hata baada ya kuishi nao zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na watu kwa makumi ya maelfu wakakimbilia Tanzania kupitia Kigoma. Serikali iliwapa ardhi porini, mbali na mpaka: Ulyankulu huku kwetu Tabora, Katumba upande wa Mpanda, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Mishamo, ambako sehemu ya watu wa Ulyankulu walihamishiwa. Waliikuta miombo, mbung'o na wanyama wakali. Wakafyeka kwa panga na jembe, wakanyoosha barabara na kuzipa namba, na mpaka leo mtu akikuelekeza kwake atakuambia anakaa Barabara ya 13 kama vile wewe unavyotaja jina la kijiji chenu. Nilipofika mimi, mwishoni mwa miaka ya 2000, palikuwa na mahindi, muhogo, maharage, tumbaku, mashine za kusaga, na makanisa ya kila namna. Watu wa rika langu walikuwa wamezaliwa papo hapo. Walisema Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni, na Burundi walikuwa hawajaiona.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mshirika mwenzangu wa Kanisa la Moravian. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo jioni alikuwa akiniomba nimsomee Biblia huku yeye akichambua maharage. Siku moja nilifungua Zaburi ya 137, ile ya mateka walioketi kando ya mito ya Babeli wakaikumbuka Sayuni. Nilipofika kwenye swali lao, "Tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni?", akanyoosha mkono kunisimamisha.

"Mwalimu, mto wetu sisi ulikuwa Malagarasi."

Akanisimulia walivyovuka usiku, mume wake akiwa na mtoto mabegani. Akasema kwamba kwa miaka mingi, kila walipoimba Sayuni kanisani, yeye alikuwa akikiona kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Mungu alikuwa amebaki kule. Huku walikuwa wakiishi tu, wakilima na kuzaa, lakini sala aliielekeza kule.

Nilianza kuwasikiliza watu vizuri zaidi tangu siku ile. Wazee walipoimba Sayuni walikuwa wakiiona Burundi. Vijana walikuwa wakiiona mbingu, kwa sababu hapa duniani hawakuwa na mahali pa kuita kwao: wazazi wao waliwaambia hapa si kwenu, na karani wa Kitanzania aliwaambia vivyo hivyo. Na mwinjilisti wetu, mtu wa makamo aliyekulia hapo hapo makazini, alikuwa anajaribu kwa subira nyingi kutuonyesha Sayuni ya tatu.

Mambo yalipata moto kati ya 2007 na 2008. Serikali iliwapa watu wa 1972 nafasi ya kuchagua: warudi Burundi au waombe uraia wa Tanzania. Takriban wanne katika kila watano waliomba uraia. Ukisoma takwimu hiyo kwenye karatasi unaona jambo limekwisha. Kwenye nyumba za watu halikuwa limekwisha hata kidogo. Baba alijiandikisha kurudi, mama akakataa. Mtoto wa kwanza akapanda lori, wa pili akabaki na shamba. Na ugomvi ukaingia kanisani ukiwa umevaa Maandiko. Waliokuwa wanarudi waliwaambia waliobaki kwamba wameisahau Sayuni. Waliobaki wakajibu kwa Yeremia 29, pale nabii anapowaandikia mateka waliopo Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie amani mji walimo. Kila upande ulikuwa na mstari wake, na amani haikuwepo.

Mwinjilisti hakuchagua upande. Alichofanya ni kutuweka kwenye zaburi fupi ambayo mimi, niliyelelewa kanisani tangu utoto, sikukumbuka kuisikia ikihubiriwa: Zaburi ya 87. Ina mistari saba tu. Mungu anaonekana humo kama anayefungua daftari na kuandika watu wa mji wake. Anayataja mataifa kwa majina: Rahabu, yaani Misri, Babeli, Filisti, Tiro, Kushi. Juu ya kila mmoja anaandika jambo lile lile: "Huyu alizaliwa humo."

Akatueleza majina hayo moja moja, na hapo ndipo nilipoelewa ukali wa zaburi yenyewe. Misri ndiyo iliyowafanya watumwa. Filisti ndiyo adui wa tangu enzi za waamuzi. Tiro ni mji wa bahari na biashara, wenye miungu yake. Kushi ni mbali, kusini ya Misri, nchi ya watu weusi kama sisi. Na Babeli ndiyo iliyokuja kuuteketeza Yerusalemu na hekalu lake mwaka 586 kabla ya Kristo. Zaburi haisemi kwamba hawa watakaribishwa kama wageni wa siku mbili, wapewe kiti cha nyuma na chakula kilichobaki. Inasema Bwana mwenyewe atawaandika kama wazaliwa. Kitovu cha Mmisri kimezikwa Sayuni. Cha Mbabeli pia.

Kisha akatuomba tutaje tulikotoka. Watu wakaanza kupaza sauti: Bururi, Makamba, Rumonge, Nyanza-Lac. Mimi nikasema Tabora. Mwingine akasema Kasulu, mwingine Nzega. Baada ya kila jina alirudia, "Huyu alizaliwa humo." Watu wakaanza kuitikia naye, furaha ikapanda, akina mama wakapiga vigelegele. Akasubiri kelele zitulie, halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na Babeli wetu? Mtoto wa yule aliyekuja na bunduki kijijini kwenu mwaka wa 1972, akimwamini Yesu, Bwana akafungua daftari amwandike, mtasemaje?"

Hakuna aliyeitikia. Mzee mmoja katika safu za mbele akainuka, akachukua kofia yake, akatoka nje. Mwinjilisti hakumwita. Alituacha tukae na swali hilo, akafunga ibada kwa sala.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya umoja wa kanisa, mengi yakiwa matamu. Hilo silihesabu pamoja na matamu, na ndilo lililonigeuza. Mpaka siku ile nilikuwa naidhani Sayuni kuwa mahali pa kupumzikia watu wema wanaofanana. Kumbe ni mji ambao mwenye kuandika majina si mimi, na akishaandika mimi sina kifutio.

Yule mzee alirudi baadaye. Hakusimama kutoa ushuhuda wala hakuombwa atoe. Mwinjilisti alikuwa amemtembelea nyumbani, wakasoma pamoja Waebrania sura ya 12. Nalijua hilo kwa sababu mzee mwenyewe alinieleza siku moja tukingoja gari la kwenda mjini. Barua hiyo inaweka milima miwili uso kwa uso. Mmoja ni ule wa moto na giza na baragumu, ambao hata mnyama akiugusa lazima auawe kwa mawe. Wa pili: "Bali ninyi mmeufikilia mlima Sayuni, na mji wa Mungu aliye hai, Yerusalemu wa mbinguni." Wanaoambiwa hivyo ni Wakristo waliotukanwa, walionyang'anywa mali, na waliochoka. Bado wamo duniani, bado wanaumia, lakini wanaambiwa wamekwisha kufika. Na kati ya mambo waliyoyafikia yapo mawili yaliyomshika mzee wangu. La kwanza ni kanisa la wazaliwa wa kwanza "walioandikwa mbinguni". La pili ni damu ya Yesu, inenayo mema kuliko ile ya Habili.

"Damu ya ndugu zangu inalia," aliniambia. "Habili alilia, na Mungu alisikia, hakumwambia anyamaze. Lakini pale Sayuni iko damu nyingine inayosema, nayo ndiyo niliyoinywea kikombe." Akanyamaza kidogo. "Bado najifunza kuisikiliza, mwalimu. Siku nyingine naisikia ya kwanza tu."

Niseme wazi kwamba sijawahi kukimbia nchi yangu, wala sijawahi kuuliwa ndugu. Siwezi kumpangia mtu kasi ya kusamehe. Ninachoweza kueleza ni kwamba pale Ulyankulu niliwaona watu wenye kila sababu ya kuigeuza Sayuni kuwa jina la kisasi, na baadhi yao wakakataa, kwa machozi, huku wakijua gharama yake.

Sasa juu ya wito. Huku mjini tunapolisema neno hilo tunafikiria mchungaji: fulani ana wito, fulani ameitikia wito akaenda chuo cha biblia. Ulyankulu mchungaji mmoja alikuwa na mitaa mingi chini yake, na baiskeli. Tukimwona leo, tunaweza kukaa Jumapili kadhaa bila kumwona tena. Kanisa halikusimama kwa sababu hiyo. Kila mshirika mzima alikuwa na kazi inayojulikana. Kijana fulani aliwasomea wasiojua kusoma. Akina mama waligawana wagonjwa, na ukiugua ulimjua atakayekuja na uji. Mzee fulani alikuwa wa kusuluhisha mipaka ya mashamba. Hata watoto walikuwa na zamu ya maji kwa wajane, na nikiwa mwalimu wao niliona jinsi walivyojivunia zamu hiyo kuliko alama za hesabu.

Wakati wa kukausha tumbaku, bani la jirani yetu, yaani banda la kukaushia, lilishika moto usiku. Mwenye kulima tumbaku anajua maana yake: jasho la mwaka mzima limekwenda, na deni la pembejeo la chama cha msingi liko pale pale. Kulipokucha watu walikuwa wamekwisha kufika na miti, kamba na nyasi. Walikuwapo Wamoraviani, Wapentekoste, Waanglikana, Wakatoliki, na jirani Mwislamu aliyekuja na wanawe wawili na panga zao. Hakuna aliyetangaza. Mwinjilisti naye alikuja, akakabidhiwa kazi ya kuchimba mashimo, akayachimba. Wakati wa kupumzika mama mmoja akamwomba atoe neno. Akasoma kutoka barua ya kwanza ya Petro, sura ya 2, ile inayosema jiwe kuu la pembeni limewekwa Sayuni, na kwamba waaminio nao ni mawe yaliyo hai, wanajengwa wawe nyumba ya Roho. Akasema maneno machache tu: kwamba Petro aliwaandikia barua hiyo watu waliotawanyika na kukaa hali ya ugeni katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, na hao wageni ndio aliowaita ukuhani wa kifalme na taifa takatifu. Kisha tukarudi kwenye miti.

Ukuhani wa kifalme! Nilimtazama yule mama aliyekuwa anafunga nyasi, mikono imejaa masizi. Petro alimwandikia yeye. Hakumwandikia mchungaji peke yake, wala askofu, wala kamati ya jimbo.

Sisi Wamoraviani tungepaswa kuyaelewa haya upesi kuliko wengi, maana kanisa letu lilihuishwa na wakimbizi. Mwaka 1722 waumini walioteswa kwa imani yao huko Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, walivuka mpaka kwa siri wakaingia Saxony huko Ujerumani. Kijana wa ukoo wa kitajiri, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, akawaruhusu kujenga kwenye ardhi yake. Seremala Christian David akakata mti wa kwanza, kijiji kikaanza, kikaitwa Herrnhut. Watu wa mapokeo mbalimbali wakamiminika, na baada ya miaka michache wakawa wanagombana hadi kutishia kuvunjika. Zinzendorf akaacha shughuli zake, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mei 1727 wakakubaliana masharti ya kuishi pamoja. Tarehe 13 Agosti mwaka huo, kwenye Meza ya Bwana iliyofanyika katika kanisa la Berthelsdorf, mioyo yao iliunganishwa kwa namna ambayo tunaiadhimisha hadi leo. Ilipofika 1732 walikuwa wamewatuma ndugu wawili kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Leonhard Dober alikuwa mfinyanzi, David Nitschmann seremala. Wakati ule hakuna kati yao aliyekuwa mchungaji.

Ni kanisa hilo hilo lililofika Urambo mwaka 1898, likapokea kituo kilichokuwa kimeanzishwa na wamisionari wa London Missionary Society tangu enzi za Mtemi Mirambo. Na ni katika wilaya hiyo ya Urambo, kama ilivyokuwa kabla ya kugawanywa, ambapo Ulyankulu ilifunguliwa mwaka 1972. Mimi silioni jambo hilo kuwa bahati tu. Kanisa lililozaliwa na watu waliovuka mpaka usiku liliwekwa karibu na watu wengine waliovuka mpaka usiku, liwatambue. Ninaamini tuliwatambua kwa sehemu. Tulijenga nao makanisa na kuimba nao. Lakini katika vikao vya mjini niliwahi kuwasikia watu wazima wa imani wakisema "wale wa kambini" kwa sauti ambayo hutumii kwa ndugu yako.

Nabii Amosi anatoa ole kwa wanaostarehe katika Sayuni. Siku hizi nikiusoma mstari huo simfikirii mtu wa mbali. Nafikiria kanisa la mjini lenye viti vya plastiki vipya na vyombo vya muziki, ambalo mshirika wake anaweza kuugua miezi mitatu bila mtu kubisha hodi, kwa kuwa kila mmoja anadhani mchungaji amekwenda. Tumempa mtu mmoja mshahara mdogo na wito wetu sote. Na Mika anakwenda mbali zaidi: anawalaumu viongozi wanaoijenga Sayuni kwa damu. Mjane anapokosa usingizi kwa sababu ya bahasha ya mchango wa jengo, tunapaswa kuacha tofali na kumsoma Mika sura ya 3 hadi mwisho wake.

Wapo pia wanaonifahamisha kwamba Sayuni ni Yerusalemu ya leo na siasa zake, basi, na kwamba kazi ya Mkristo ni kuipeperushia bendera. Yerusalemu nauombea amani kama zaburi inavyoagiza, pamoja na wote wakaao humo. Lakini mwandishi wa Waebrania, mara tu baada ya kuwaambia watu wamefika Sayuni, katika sura inayofuata anawaagiza wasisahau kuwafadhili wageni, wawakumbuke waliofungwa, na anakiri kwamba hapa hatuna mji udumuo. Hiyo ndiyo bendera ninayoiona mle. Na wapo wanaodai Sayuni ni dhehebu lao. Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza ya Machi, wanawake wa makanisa mbalimbali tunakusanyika kwa ajili ya maombi ya dunia. Nikiwa nimepiga magoti kati ya mama wa Kikatoliki na mama wa Kilutheri, tukiiombea nchi ambayo hatutafika, madai hayo huwa siyakumbuki hata kidogo.

Turudi Ulyankulu. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa, lakini vyeti havikutoka. Mpango ulikuwa kwanza wahame, watawanywe katika mikoa mingine, na makazi yafungwe. Wakaishi miaka kadhaa wakiwa wametoka kwenye ukimbizi bila kuingia kwenye uraia. Watu waliacha kupanda miembe. Paa likivuja waliliziba kwa nailoni, maana nani ataezeka nyumba ambayo atahamishwa? Mpango huo wa kuwahamisha hatimaye ukaachwa, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akaanza kukabidhi vyeti.

Bibi yangu alipata chake. Alinipa nikisome, nikamsomea kila neno lililochapwa, hata namba. Akakikunja ndani ya kanga. Nilitegemea atalia au atacheka. Akasema, "Nimeandikwa na watu wengi, mwanangu. Kadi ya mgao, kadi ya kliniki, sensa, kadi ya ukimbizi. Hii nashukuru, ni nzuri kuliko zote. Lakini ile ya Zaburi nilikuwa nayo tangu Malagarasi, na sikuwa najua." Na kile kilima cha nyuma ya nyumba ya baba yake? Nilimuuliza. Akasema bado anakipenda, na kwamba amemwomba Mungu awabariki waliojenga pale.

Kanisani palibaki jambo moja lisilo rahisi, nalo lilikuwa daftari la washirika. Waliorudi Burundi walikuwa wengi, na katibu wa ushirika, kijana mwenye utaratibu, alikuwa amechukua rula na kalamu nyekundu apige mstari kwenye majina yao ili hesabu inayopelekwa jimboni iwe sahihi. Wazee wakabishana naye kikao kizima. Mwishowe wakaamua majina yasifutwe. Pembeni paandikwe alikokwenda mtu, na Jumapili moja kila mwezi yasomwe kwa maombi. Ibada hizo zilikuwa ndefu, na watoto walisinzia. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, na watu wakamiminika Kigoma, wengine kwa boti kutoka Kagunga, wakapelekwa Nyarugusu na kambi nyingine. Kati yao walikuwapo waliowahi kurudi nyumbani kwa furaha miaka michache kabla. Mmoja alimpigia katibu simu kutoka kambini. Hakuomba fedha. Aliuliza kama bado yumo. Katibu alimjibu kwamba jina lake lilisomwa mwezi uliopita. Kuanzia hapo hakuna aliyerudia habari ya rula.

Mimi sasa niko Tabora mjini, na ni mmoja wa wazee wa kanisa katika ushirika wetu. Tuna wanafunzi wa vyuo, tuna vijana waliokuja na ujenzi wa reli mpya, tuna wafanyakazi wa ndani waliotoka vijijini na nguo mbili. Wengi hawana barua ya uhamisho kutoka walikobatizwa. Utaratibu wetu unasema asiye na barua haandikwi, na asiyeandikwa hashiriki Meza ya Bwana, hapewi jukumu, na akifiwa hatuna namna ya kumhesabu kuwa wetu. Nimependekeza mtu wa namna hiyo aandikwe kwa ushuhuda wa washirika wawili wanaomfahamu na mafundisho ya muda mfupi, na siku hiyo hiyo apewe kazi: wagonjwa, watoto, usafi, chochote anachokiweza. Wenzangu wamegawanyika. Mzee mmoja, ambaye namheshimu, anasema tumewahi kudanganywa na watu waliojiita washirika wakaondoka na fedha za kikundi, na ni kweli, nilikuwepo. Mwingine anaogopa ushirika mama utaona tumemnyang'anya mtu wake. Hoja hizo si za kupuuzwa, na kwa hiyo nimeongeza kwamba tupige simu kule alikotoka kabla ya kumwandika, na asishike fedha hadi mwaka upite.

Kikao kijacho ni baada ya Pasaka. Mwenyekiti ameniomba nilete hoja yangu kwa maandishi, na haya ndiyo nitakayopeleka. Nitaomba Zaburi ya 87 isomwe yote kabla ya ajenda, na isomwe na kijana mmoja fundi wa reli, ambaye amekuwa akikaa safu ya nyuma tangu mwaka jana na jina lake bado halimo.